Kuwa mweusi Uingereza na Marekani: yaliyowapata babu, wazazi na wajukuu

Siku hizi si ajabu kukuta familia ya Njombe au Makambako yenye ndugu aliyeko Uingereza au Marekani. Wapo walioenda kusoma, walioolewa huko, walioshinda bahati nasibu ya viza na waliofuata kazi. Simu inaita Jumapili jioni, sura zinaonekana kwenye kioo, watoto wanasalimia kwa Kiswahili cha kukatakata. Halafu siku moja mjukuu anasema: “Bibi, leo mlinzi alinifuata duka zima.” Bibi anajibu: “Kwani uliiba, mwanangu? Basi usijali.” Mtoto ananyamaza, na mama yake anabadilisha mazungumzo.

Bibi hakukosea kumtuliza mjukuu. Lakini nyuma ya maneno yale machache kuna historia ndefu, na asiyeijua atadhani mtoto anadeka. Makala haya yanaeleza maisha ya kila siku ya watu weusi katika nchi hizo mbili, kizazi baada ya kizazi, hasa wale waliotoka kwetu Afrika Mashariki. Tutaanzia hapa hapa Njombe, kwa sababu wazee wetu nao waliyaonja.

Kwa ufupi

- Mtu akitoka Njombe anajulikana kwa kabila, ukoo na kijiji chake. Akifika London au Chicago, watu wengi wataona kwanza rangi yake.
- Kizazi cha kwanza mara nyingi huvumilia, kwa kuwa kina kwao pa kurudi. Kizazi cha pili kimezaliwa kule, hakina kwingine, na kwa hiyo hudai haki kama raia.
- Sheria za kubagua zilifutwa Marekani miaka ya 1960, na Uingereza ilianza kukataza ubaguzi kwa sheria miaka hiyo hiyo. Mazoea hayakufutika siku ile ile.

Mpaka wa rangi hapa kwetu

Waingereza waliitawala Tanganyika kuanzia Vita Kuu ya Kwanza mpaka Desemba 1961. Wakati huo watu waligawanywa katika mafungu matatu: Wazungu, Waasia na Waafrika. Kila fungu lilikuwa na shule zake. Hospitali nazo ziligawanywa. Dar es Salaam, Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, na Waafrika walitibiwa kwingine. Mishahara ya serikali nayo ilifuata rangi.

Njombe ilikuwa na fungu lake. Wilaya hii ilitoa vibarua wengi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoitwa SILABU, ambayo kazi yake ilikuwa kuandikisha watu kutoka mikoa ya mbali. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mtu aliyekuwa baba wa watoto, mwenye jina na heshima kijijini kwake, alifika shambani akawa namba. Kazi yake ilihesabiwa kwenye kipande, kadi ya kuandikia siku alizofanya kazi.

Hata waliobaki karibu na nyumbani walikutana na mpaka huo wa rangi. Katika Nyanda za Juu Kusini walikuwapo walowezi wa Kizungu, na mwaka 1949 ulianza mradi mkubwa wa miwati hapa Njombe. Magome yake yalitumika kutengenezea dawa ya ngozi. Katika nyumba na mashamba ya Wazungu, mtumishi mwanamume aliitwa “boi”, yaani mtoto wa kiume, hata kama alikuwa na wajukuu. Neno hilo tumelizoea katika Kiswahili mpaka tumesahau lilivyomshusha mtu mzima.

Siasa nayo ilifuata rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika walikuwa wengi kupita kiasi kuliko wengine. TANU iliukubali mpango huo shingo upande katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kisha ikaushinda kwa kura.

Kwa hiyo mzee wa Lupembe au Wanging’ombe aliyeishi zama hizo haihitaji kuelezwa sana mjukuu wake wa London anasema nini. Tofauti ni moja. Babu alibaguliwa na wageni katika nchi yake, akingoja siku watakayoondoka. Mjukuu anabaguliwa katika nchi aliyozaliwa, na hakuna siku ya uhuru anayoingoja.

Kwa nini Mbena akifika kule anakuwa “mweusi”

Hapa kwetu hakuna anayejitambulisha kwa kusema “mimi ni mweusi”. Tunasema huyu ni Mbena, yule Mkinga, yule Mpangwa, yule Mhehe. Tunasalimiana “kamwene” na mtu anajua ametoka upande gani. Rangi si habari, kwa sababu karibu wote tunayo.

Akishuka ndege, mambo yanageuka. Afisa, mwenye nyumba, mwalimu, mwajiri na polisi hawajui tofauti ya Mbena na Mkinga, wala ya Mtanzania na Mjamaika. Wanaona mtu mweusi, na pamoja naye wanaona mambo yote waliyofundishwa tangu utotoni kuhusu weusi. Mgeni anajikuta amevishwa koti lililoshonwa na watu wengine muda mrefu kabla hajafika.

Mfano mmoja unaonyesha jambo hili vizuri. Katika karne ya 19 watu wengi wa Uzigua, mkoa wa Tanga wa leo, pamoja na watu wa Msumbiji na Malawi, walichukuliwa utumwani mpaka Somalia. Wajukuu zao walikaa kando ya mto Juba, na wengine mpaka leo wanazungumza Kizigua. Somalia walidharauliwa kwa sababu ya asili yao na hata kwa aina ya nywele zao. Vita vilipozuka mwaka 1991 walikimbilia kambi za Kenya. Baadhi walirudi Tanzania wakapewa makazi Handeni. Wengine, zaidi ya 10,000, walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003, na kati yao wapo waliofika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, penye theluji nyingi na wakazi karibu wote Wazungu. Somalia waliambiwa si Wasomali wa kweli. Marekani walikuta kwamba wao na Wasomali waliowadharau wote wanaitwa jina moja: weusi.

Uingereza: kizazi kilichovumilia

Mwaka 1948 Uingereza ilipitisha sheria iliyowapa watu wa makoloni yake haki ya kuingia na kuishi huko. Vita vilikuwa vimekwisha na nchi ilihitaji wafanyakazi. Mnamo Juni 22, 1948 meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, karibu na London, ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Waliofuata baadaye waliendesha mabasi na treni, waliuguza wagonjwa na walifanya kazi viwandani.

Walipokelewa kwa baridi, na si baridi ya hewa tu. Mtu aliyetafuta chumba cha kupanga alikuta tangazo dirishani likisema watu weusi hawatakiwi. Hakuna sheria iliyomlinda. Mwenye nyumba alikuwa na ruhusa ya kukufungia mlango usoni na kukuambia sababu ni rangi yako.

Wanafunzi wa kwetu walikuwapo pia. Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kuanzia 1949 hadi 1952. Katika miaka hiyo hiyo mwenzake aliyebaki Tanganyika asingeweza kumpeleka mtoto wake katika shule ya Wazungu. Mwafrika aliweza kukaa darasa moja na Waingereza kwao, kisha akirudi nyumbani akawekwa tena katika fungu la tatu.

Tuzungumze kidogo habari za mabasi, maana watu wa Makambako wanajua maana ya stendi. Mwaka 1963, katika mji wa Bristol, kampuni ya mabasi ilikataa kuajiri watu weusi kuwa madereva na makonda. Waliruhusiwa kuosha mabasi na kufanya kazi gereji, si kukata tiketi. Kijana Paul Stephenson, ambaye baba yake alitoka Afrika Magharibi, aliongoza mgomo na wenzake. Watu walikataa kupanda mabasi hayo kwa miezi minne. Walikuwa wamejifunza kutoka kwa watu weusi wa Montgomery, Marekani, waliogomea mabasi kwa zaidi ya mwaka mzima kuanzia Desemba 1955, baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti. Agosti 28, 1963 kampuni ya Bristol ilisalimu amri.

Baada ya hapo sheria zilikuja moja baada ya nyingine. Ya mwaka 1965 ilikataza kumbagua mtu kwa rangi katika sehemu za umma kama hoteli na mabaa. Ya 1968 iliongeza nyumba na kazi. Ya 1976 ilizipa nguvu zaidi. Lakini wakati huo huo Uingereza ilikuwa ikifunga mlango. Kuanzia 1962 sheria za kuingia ziliendelea kubanwa kwa watu wa Jumuiya ya Madola.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alifika Uingereza akiwa kijana katika miaka hiyo, baada ya Mapinduzi. Riwaya yake ya Pilgrims Way, iliyotoka 1988, inamhusu kijana wa Kitanzania anayefanya kazi za chini hospitalini katika mji wa Canterbury, akitukanwa njiani na kurudi chumbani peke yake. Mwaka 2021 Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake nyingine, Paradise, imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Peponi.

Kizazi hicho mara nyingi kilimeza matusi. Mtu alijiambia: nimekuja kutafuta, nitarudi. Watanzania wana jina la maisha hayo: kubeba boksi. Mwalimu au karani wa nyumbani anakuwa mfagiaji au mtunza wazee, anafanya zamu mbili, anatuma ada ya mdogo wake na mabati ya nyumba ya mama. Akitukanwa kazini hasemi nyumbani, kwa sababu huku tunaamini amefika majuu na hana shida.

Uingereza: kizazi kisicho na kwingine

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki akiwa mtoto mchanga, na mama yake Mwingereza akamchukua kwenda Uingereza. Alikulia huko na kusoma huko, lakini alipokuwa msanii aligundua kwamba watu weusi hawaonekani katika picha za historia ya nchi hiyo, na wakionekana ni watumishi waliosimama pembeni. Mwaka 2004 alionyesha kazi yenye sanamu 100 za mbao za watumishi weusi, kila mmoja amepewa jina lake la asili na jina alilobandikwa na bwana wake. Babu zetu walioitwa boi wangeielewa mara moja. Mwaka 2017 Himid alishinda Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Tukio lililoibadilisha nchi lilitokea Aprili 22, 1993. Stephen Lawrence, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa London kwa wazazi kutoka Jamaika, alichomwa kisu na vijana wa Kizungu akisubiri basi kituoni. Polisi waliipeleleza kesi kizembe. Wazazi wake hawakukubali kunyamaza. Uchunguzi wa serikali uliotolewa Februari 1999 ulisema wazi kwamba ndani ya polisi wa London mlikuwa na ubaguzi wa kitaasisi. Maana yake ni kwamba tatizo halikuwa askari mmoja mwenye roho mbaya, bali utaratibu mzima wa kazi ulimpa mtu mweusi haki pungufu. Wawili kati ya wauaji walihukumiwa mwaka 2012, karibu miaka 19 baadaye.

Hata makaratasi yalikuja kuwa kitanzi. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba watu walioingia Uingereza kihalali wakiwa watoto, kabla ya 1973, walikuwa wakifukuzwa kazini, kunyimwa matibabu na wengine kurudishwa katika nchi walizoziacha wakiwa wadogo. Walitakiwa kuthibitisha kila mwaka waliokaa. Kadi zao za kuingilia zilizokuwa zimehifadhiwa serikalini zilikuwa zimeharibiwa mwaka 2010. Wengi walikuwa wa Karibi, lakini sheria ile iliwagusa watu wa Jumuiya ya Madola yote, ikiwemo Afrika. Serikali iliomba radhi, na waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu Aprili 2018. Mtu aliyelipa kodi kwa miaka 40 aliambiwa athibitishe kwamba si mgeni.

Kwa sensa ya 2021, England na Wales zina watu weusi wapatao milioni 2.4, yaani 4 kati ya kila 100, na wenye asili ya moja kwa moja ya Afrika sasa ni wengi kuliko wenye asili ya Karibi.

Marekani: weusi wa zamani na weusi waliofika jana

Marekani ina historia tofauti. Watu weusi wengi wa huko hawakuhamia. Waliletwa utumwani, na wa kwanza walifikishwa koloni la Waingereza la Virginia mwaka 1619. Utumwa ulifutwa nchi nzima mwaka 1865, lakini majimbo ya kusini yakatunga sheria za kutenga shule, mabasi, hoteli na hata mabomba ya maji ya kunywa. Mahakama Kuu ilikataza kutenga shule mwaka 1954. Sheria ya haki za raia ilipita 1964, na ya haki ya kupiga kura 1965. Mwafrika-Mmarekani mwenye miaka 75 leo amewahi kuishi chini ya sheria hizo za kutengwa. Hayo ni mambo aliyoyaona kwa macho yake akiwa mtoto.

Mwaka huo huo wa 1965 Marekani ilibadilisha sheria ya wahamiaji, na Waafrika wakaanza kuingia kwa wingi zaidi. Sheria ya 1990 ikaleta bahati nasibu ya viza. Wakimbizi wa Somalia, Sudan na Kongo nao wakapokelewa. Leo karibu mtu 1 kati ya kila watu weusi 10 wa Marekani amezaliwa nje ya nchi hiyo.

Mara nyingine makundi haya mawili hayaelewani. Mhamiaji huambiwa kwao wenyeji weusi ni wavivu, na mwenyeji mweusi huambiwa Mwafrika ni mshamba. Mhamiaji husahau kwamba milango anayopitia ilifunguliwa na wale waliopigwa na kufungwa katika miaka ya 1960. Na polisi wakisimamisha gari usiku, hawaulizi babu yako aliletwa na meli au wewe ulikuja na ndege.

Amadou Diallo aliijua hiyo kwa gharama ya maisha yake. Alikuwa kijana wa Guinea mwenye miaka 23, akiuza bidhaa ndogondogo kando ya barabara New York, machinga kama walivyo machinga wetu. Usiku wa Februari 4, 1999, askari wanne waliokuwa wakimtafuta mtu mwingine walimkuta mlangoni kwake. Alipotoa pochi mfukoni walidhani ni bastola. Walifyatua risasi 41. Hakuwa na silaha. Mahakama iliwaachia askari wote mwaka uliofuata.

Familia moja, vizazi viwili

Familia ya Obama inajulikana kwa kila mtu, na inafaa kuonyesha tunachosema. Barack Obama mkubwa aliondoka Kenya mwaka 1959 kwenda kusoma Hawaii. Mwaka 1961 alimwoa Mmarekani mweupe, na mtoto wao akazaliwa Agosti mwaka huo. Wakati ule majimbo mengi ya Marekani yalikataza kwa sheria ndoa ya mweusi na mweupe. Hawaii haikukataza. Mahakama Kuu ilifuta sheria hizo mwaka 1967, zikiwa bado zimebaki katika majimbo 16.

Baba alirudi Kenya. Alikuwa na kwao, na huko alikuwa Mjaluo msomi. Mtoto alibaki, na Marekani ilimwona ni kijana mweusi. Alipogombea na kuwa rais mwaka 2009, watu walizusha kwamba amezaliwa Kenya. Aprili 2011, akiwa rais, ilibidi atoe hadharani cheti chake kamili cha kuzaliwa. Na Julai 2013, siku chache baada ya kuzuru Dar es Salaam, alizungumzia kesi ya Trayvon Martin, kijana mweusi wa miaka 17 asiye na silaha aliyepigwa risasi Florida mwaka 2012. Alieleza kwamba yeye mwenyewe, kabla hajawa mtu mkubwa, aliwahi kufuatwa na walinzi madukani.

Rudi sasa kwa yule mjukuu wa mwanzo wa makala. Alichomwambia bibi yake ndicho rais alichoiambia Marekani nzima.

Yanayotokea siku za kawaida

Matukio ya kifo husikika redioni. Mengi zaidi ni madogo, na hurudiarudia.

Jina. Watafiti waliwahi kutuma karibu maombi 5,000 ya kazi katika miji ya Boston na Chicago. Elimu na ujuzi vilikuwa sawa, majina tu yalitofautiana. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha kwamba majina yanayosikika ya Kizungu yaliitwa kwa nusu zaidi kuliko yanayosikika ya weusi. Ndiyo maana wazazi wengine huwapa watoto jina la kwanza la Kiingereza na kuficha la ukoo katikati.

Nywele. Wapo wasichana waliorudishwa nyumbani kutoka shule au kazini kwa kusuka au kuacha nywele zao za asili. Mwaka 2019 jimbo la California lilikuwa la kwanza Marekani kutunga sheria ya kukataza jambo hilo.

Hospitali. Marekani, mwanamke mweusi ana hatari ya kufa kwa uzazi takribani mara tatu ya mwanamke mweupe. Uingereza pengo hilo lipo pia. Umaskini unachangia, lakini wanawake wengi wanaeleza kwamba wakisema wana maumivu hawaaminiwi.

Polisi. Wazazi weusi huwakalisha watoto wao, hasa wa kiume, na kuwafundisha: ukisimamishwa, mikono ionekane, usikimbie, usiingize mkono mfukoni, jibu kwa upole. Wenzao weupe hawafundishwi hayo. Mei 25, 2020, askari wa Minneapolis alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa mpaka akafa, na video yake ilifika hata kwenye simu zetu. Askari huyo alihukumiwa kwa mauaji mwaka 2021.

Swali la “unatoka wapi?” Kijana anajibu, “Leeds.” Anaulizwa tena, “Hapana, unatoka wapi hasa?” Kwetu swali hilo ni la kirafiki, tunatafuta undugu. Kule, kwa aliyezaliwa huko, linamaanisha: wewe si wa hapa. Julai 2019 Rais Donald Trump aliandika kwamba wabunge wanne wanawake wasio weupe warudi walikotoka. Mmoja, Ilhan Omar, alizaliwa Somalia na kupitia kambi ya wakimbizi Kenya. Watatu wengine walizaliwa Marekani.

Hii haina maana kwamba kila Mzungu ni mbaguzi au kwamba maisha kule ni mateso matupu. Kuna majirani wema, walimu wanaopigania wanafunzi wao, mahakama zinazotoa fidia, na watu weusi mawaziri, madaktari na majaji. Waliogoma Bristol walikuwa na Wazungu upande wao. Mtu anaweza kuipenda nchi na bado akachoshwa na namna inavyomtazama.

Kwa nini wazazi na watoto hawaelewani

Ndani ya nyumba moja kule, baba na mtoto wanaweza kuiona siku ile ile kwa macho mawili. Baba aliyetoka Makambako anasema: soma, fanya kazi, usijibizane na watu, mambo yatapita. Anajilinganisha na alikotoka, na anaona amepiga hatua. Mtoto anajilinganisha na mwanafunzi aliyeketi naye dawati moja. Wamezaliwa hospitali moja, wanaongea lafudhi moja, na bado yeye ndiye anayesimamishwa mlangoni.

Mtoto akilalamika, baba husema amekosa adabu. Mtoto naye huona baba ni mwoga. Baba huvumilia kwa sababu ana shamba, ukoo na kaburi la wazazi wake huku. Mtoto akifukuzwa kule hana pa kwenda, maana huku pia tutamwita mzungu kwa jinsi anavyoongea. Akija likizo tunamcheka Kiswahili chake, na kule wanamwambia arudi kwao. Mtoto huyo anataka angalau mahali pamoja ambapo hatatakiwa kujieleza.

Tukizungumza nao kwa simu

Familia zilizoko nyumbani zina nafasi kubwa kuliko zinavyodhani.

- Mtoto akisema amebaguliwa, muulize kilichotokea kabla ya kumpa ushauri. “Ilikuwaje?” ni bora kuliko “Usijali.”
- Mzee aliyeishi wakati wa mkoloni, au aliyesimuliwa na baba yake habari za umanamba, amsimulie mjukuu. Mtoto anayejua kwamba babu yake aliitwa namba na hakuvunjika ana kitu cha kushika.
- Usimpime ndugu kwa picha za theluji na magari. Muulize kazi ikoje, analala saa ngapi, ana marafiki gani.
- Mfundishe mtoto jina lake la ukoo lina maana gani na nani alilibeba kabla yake.
- Aliyeko kule atunze makaratasi yote ya kuingia, kazi na kodi. Yaliyotokea Uingereza mwaka 2018 yanatosha kuwa funzo.
- Kijana anayejiandaa kuondoka aambiwe ukweli huu kabla hajakata tiketi. Asiende kwa hofu, ila asiende akidhani kila kosa atakalotendewa ni kosa lake.

Maneno yaliyotumika

Mpaka wa rangi: utaratibu wa kumzuia mtu mahali, kazi au huduma fulani kwa sababu ya rangi yake, uwe umeandikwa katika sheria au la.

Ubaguzi wa kitaasisi: ubaguzi uliomo katika taratibu za ofisi, shule, polisi au hospitali, hata pale ambapo mfanyakazi mmoja mmoja hana chuki.

Manamba: vibarua walioandikishwa wakati wa ukoloni kwenda mashamba ya mbali, hasa ya mkonge.

Kubeba boksi: kazi ngumu za mikono zinazofanywa na Watanzania walioko nje.

Kizazi cha pili: watoto wa wahamiaji, waliozaliwa au kukulia katika nchi ambayo wazazi wao walihamia.